Pigo Safi, Alama Sifuri

Kijana akipoteza pambano la karate huku msichana anayemzimia yumo ukumbini, hukumu ya mtaani hapa Dodoma hutoka haraka: mapenzi yamemponza. Ni hukumu ya kivivu, kwa sababu haimwambii sensei arekebishe nini Jumatatu jioni. Anayetaka kujua pambano limepotelea wapi auache moyo wa kijana, ayatazame macho yake, hasa katika nusu sekunda inayofuata baada ya ngumi kufika.

Tuseme ni kumite, yaani pambano la ana kwa ana, ya vijana wa miaka 16 na 17, dakika mbili kwa kanuni za Shirikisho la Karate Duniani, WKF. Tatami ni mita 8 kwa 8. Ukumbi ni wa shule na hauna jukwaa, kwa hiyo watazamaji wamebanana kwenye mabenchi karibu kabisa na mstari. Kijana wetu amefunga mkanda mwekundu. Anamsubiri mpinzani aingize mguu wa mbele, kisha anamtangulia kwa gyaku-zuki, ngumi ya mkono wa nyuma, tumboni. Imefika, tena kwa umbali mzuri. Benchi zima linalipuka kwa kelele. Naye, kabla mkono haujarudi kiunoni, anageuza uso kuhakikisha kwamba yule msichana ameona.

Majaji hawainui bendera. Wenzake wanalalamika kwamba ameonewa, lakini hajaonewa. Ngumi ile ina thamani ya alama 1, yaani yuko, ila kanuni haitoi alama kwa sababu tu pigo limefika. Inataka umbo, nguvu, wakati, umbali, na pia zanshin: mpigaji asigeuze uso wakati wa pigo, na baada ya pigo abaki amemwelekea mpinzani, akijua kwamba anaweza kujibiwa wakati wowote. Tena anayegeuka kwa mbwembwe ili refa aone kuwa amefunga, mikono chini, anaweza kuonywa kwa kosa la mubobi, kutojali usalama wake mwenyewe. Na kama hilo lilikuwa pigo la kwanza la pambano, ameipoteza na senshu, ile faida ya aliyetangulia kupata alama ambayo huamua mshindi matokeo yakiwa sare.

Hesabu ya mwili nayo haimhurumii. Jicho huhitaji takriban sehemu ya tano ya sekunda kuanza kuhamia kitu kipya, na linapokuwa safarini haliambulii kitu cha maana. Jumlisha kwenda, kutazama na kurudi: hapo nusu sekunda imekwisha kwa urahisi, na ngumi ya mpinzani haihitaji muda wote huo.

Mwaka 1999 watafiti Williams na Elliott walichunguza macho ya wachezaji karate na kuona kwamba hutulia zaidi kichwani na kifuani mwa mpinzani, yakipanda na kushuka katikati ya mwili. Wasiwasi ulipoongezeka, yalianza kukimbilia pembeni, kwenye mikono na miguu. Wasiwasi wa aliyependa unayapeleka mbali zaidi, hadi kwenye benchi.

Kwamba pigo peke yake halitoshi, dunia nzima ilijionea Tokyo tarehe 7 Agosti 2021. Kwenye fainali ya Olimpiki ya uzito wa juu, Tareg Hamedi wa Saudi Arabia alikuwa akiongoza 4-1 alipompiga Sajad Ganjzadeh wa Iran teke la kichwa lililomwangusha akapoteza fahamu. Hamedi aliondolewa kwa kupiga bila kudhibiti nguvu, na dhahabu ikaenda kwa aliyekuwa amelala chini. Kosa lake si la kijana wetu, lakini kanuni iliwauliza swali lilelile: umelimilikije pigo lako?

Wapo wazazi watakaosema msichana azuiwe kuja. Haisaidii. Asipomwona, atamtafuta benchi kwa benchi, na hapo atapoteza sekunda nyingi zaidi. Kumhubiria usiku wa kuamkia mashindano nako ni kumkumbusha. (Simu aizime mapema, hilo nakubali, kwa ajili ya usingizi tu.)

Kinachofaa ni zoezi. Wapange wenzake kando ya tatami, na kila anapopiga, mmoja amwite kwa jina kwa sauti kali, wakati uleule ngumi inapofika. Macho yasitoke kwenye kifua cha mwenzake, mkono urudi, miguu irudi kwenye kamae, mkao wa tayari, mpaka refa atamke “Yame!” ya kusimamisha pambano. Akigeuka, alama haihesabiwi na zoezi linaanza upya. Wiki ya pili waongezwe watazamaji wa kweli, wavulana kwa wasichana, wapige makofi watakavyo.

Masensei wa Dodoma, Singida na Kondoa, acheni kuwauliza vijana wenu wanampenda nani. Wafundisheni kumaliza pigo. Baada ya “Yame!”, wamtazame wamtakaye.