Panzi: tulihesabu kikohozi, sahani hatukuiangalia

Najua mutaniuliza agronome anatafuta nini mu mambo ya waganga. Munivumilie kidogo. Nimesoma tena matangazo mawili ya OMS juu ya Panzi, la tarehe 8 na la tarehe 27 Desemba 2024. (Ni Panzi ya Kwango, si ile ya Bukavu yenye lopitali tunayoijua wote.)

Tangazo la kwanza linaongea ugonjwa usiojulikana: homa, kichwa kuuma, kikohozi, mafua. Toka 24 Oktoba mpaka 5 Desemba, wagonjwa 406, vifo 31, wengi wao watoto wadogo. Ndipo kila mutu akaanza kusema "maladi X". La pili linasema ni virusi vya kawaida vya njia ya hewa pamoja na malaria, ndani ya mwili wenye njaa. Hesabu ilikuwa imefika wagonjwa 891, vifo 48.

Simulaumu infirmye aliyetoa taarifa; alifanya kazi yake. Lakini Kinshasa ilipata habari mwisho wa Novemba, mwezi mzima umepita. Tena sampuli zilipaswa kusafiri kilometa karibu 700, siku mbili za barabara, mvua ikinyesha. Kati ya sampuli 12 za kwanza, 10 zilikuwa na malaria. Malaria! Ile inayopimwaka kwa tone moja la damu, palepale kwenye santre, kama vipimo viko.

Kinachoniuma zaidi ni mustari mumoja wa tangazo la kwanza: wagonjwa wote waliozidiwa walikuwa na utapiamlo mkali. Bwaki, kwa kifupi. Uliandikwa pale tangu mwanzo, na tuliupita. Shambani, muhogo ukigeuka manjano, hatuulizi paka mududu gani. Tunauliza udongo, mbegu, mvua ya mwezi uliopita. Kumbe hesabu ya njaa iko na barabara yake, ya kikohozi yake, na hazikutani mpaka watoto wameisha kufa. Utepe wa kupima mukono wa mtoto hauombi laboratware wala elikopta.

Na sisi mu groupe yetu, Desemba ile, tulibishana juu ya virusi siku tatu nzima. Hakuna aliyeuliza kule Panzi walikuwa wamevuna nini. Hata mimi sikuuliza, na ndiyo kazi niliyosomea.