Redio Imepona, Wimbo Je?

Huku kambini, ukipeleka redio kaseti ya zamani kwa fundi, kipimo cha kazi yake ni kimoja tu: inapiga kelele kiasi gani? Ikisikika mpaka zoni ya pili, watu wanasema huyo fundi ni hodari. Mimi nafanya kazi na vijana, na baadhi yao wanajifunza ufundi huo. Naona kipimo hicho kinatudanganya. Redio inaweza kupona na wimbo ukafa.

Tuchukue "Mario" ya Franco na TPOK Jazz, ya mwaka 1985. Wazee wetu waliotoka Kongo wanaijua vizuri. Ni wimbo mrefu, unapita dakika 10. Franco anamsema kijana aliyesoma, lakini anakula jasho la mama aliyemzidi umri. Maneno peke yake yanatosha kukufanya ukae chini. Ila sikiliza na magitaa. Rumba ya Kongo haina gitaa moja. Kuna solo, kuna lile la kusindikiza, na katikati kuna mi-solo, linalozunguka bila kuchoka kama mkono wa mtu anayesuka mkeka. Besi iko chini, inawabeba wote. Utamu ni pale wanapojibizana.

Sasa fundi ametoa spika ya asili, ameweka spika kubwa ya gari, besi tupu. Boksi linatetemeka, watoto wanashangilia. Mi-solo iko wapi? Imemezwa. Hedi ya kaseti haijasafishwa, kwa hiyo sauti za juu zimefifia. Mkanda wa mpira umelegea, wimbo unavuta miguu, na Franco anasikika kama mgonjwa. Hiyo siyo kufufua. Kufufua kungekuwa kazi ya kimya kimya: pamba na spiriti kwenye hedi, mkanda unaobana sawasawa, spika yenye ohm sawa na ile ya zamani. Ukiweka yenye ohm chache mno, unaweza hata kuunguza ampli.

Kuna watakaosema: simu ina wimbo huo huo, tena safi zaidi. Ni kweli. Kaseti ina ule mlio wa "shiii", na kanda iliyorekodiwa kutoka kanda nyingine inazidi kufifia. Siitetei kwa sababu ni ya kizamani. Nauliza tu tunasikilizaje. Kwenye simu vijana tunarushiana kipande kidogo, tunaanzia pale sebene linapochanganya. Wakati wa santuri ndogo za mizunguko 45, nyimbo nyingi ziligawanywa: maneno yanaanza upande wa kwanza, sebene linakuja upande wa pili. Ulisikiliza kwanza, ndipo ukacheza.

Halafu "Mario" ni ya Kilingala. Wengi wetu wa Kivu tumekulia Kiswahili na Kibembe. Redio ikiwa mezani, mzee anasimamisha kanda, anatueleza Franco amesema nini, anaiachia tena. Mwenye spika za masikioni nani atamweleza?

Ndiyo maana nakosoa pia jinsi tunavyorithishana hivi vyombo. Familia ikipata safari ya kuhamia nchi ya mbali, redio inaachiwa jirani pamoja na ndoo na masufuria. Vizuri. Lakini kaseti zinaishia jalalani, na hakuna anayekaa na mtoto wa jirani kumwambia: huyu ni nani, anaimba nini, kanda ikijikunja unairudisha hivi kwa kalamu. Tunapeana boksi, tunanyimana kilichokuwa ndani.

Na nyie ndugu zetu wa mashirika, mnapoleta mafunzo ya ufundi, msihesabu tu redio ngapi zimewaka. Wekeni na saa moja ya kusikiliza, mwite mzee mmoja akae na wanafunzi. Fundi asiyejua wimbo ulivyokuwa hawezi kujua kama ameurudisha.

Wewe mwenye redio, kabla hujalipa, mwambie fundi aweke wimbo unaoujua. Punguza sauti. Hesabu magitaa. Moja likikosekana, mrudishie redio yake taratibu, bila ugomvi. Bado hajamaliza.