Sauti kama Mgogoro: Uhakiki wa Tamthilia ya Scherzo (2003)

Katika tamthilia za sauti, mara nyingi mhusika hulazimika kumweleza mwenzake jambo ambalo wote wawili wanaliona, ili msikilizaji asiyeona aelewe. Hadithi za Doctor Who ambazo kampuni ya Big Finish ya Uingereza imezitoa tangu 1999 hazijaepuka kasoro hiyo daima. Scherzo ya Robert Shearman inaigeuza kasoro hiyo kuwa dhamira. Doctor na Charley, wanaoigizwa na Paul McGann na India Fisher, wanatembea katika weupe mkali usiowawezesha kuona. Doctor amemkasirikia Charley kwa kumfuata uhamishoni, lakini ni sauti ya Charley tu inayomthibitishia kwamba hayuko peke yake. Hivyo, mazungumzo yao si maelezo ya kubandikwa. Ndiyo uhusiano wenyewe. Adui wao naye ni kiumbe wa sauti anayeiga usemi wao, na kwa hiyo msikilizaji hushiriki mashaka yao: anayesema ni nani? Kwa msingi huo, uhakiki unaopima tamthilia ya sauti kwa kile isichokionyesha haukidhi. Katika Scherzo, ukosefu wa picha ndio unaobeba mgogoro.