Nusu Saa ya Windsor

Mwaka 1989 Monty Roberts, mfunzaji wa farasi kutoka Salinas katika jimbo la California, alialikwa na Malkia Elizabeth wa Pili kwenye ngome ya Windsor, aonyeshe jinsi farasi mchanga, asiyewahi kubeba mtu wala tandiko, awezavyo kulikubali tandiko, lijamu na mpandaji kwa muda wa nusu saa hivi. Jambo hilo, kwa desturi aliyokulia kwao, ya kumfunga mnyama miguu na kumtisha mpaka akate tamaa, lilichukua majuma.

Kiwanja kilikuwa duara lenye upana wa takriban mita 15, lililozungushiwa uzio, wala umbo hilo halikuchaguliwa kwa urembo: duara halina pembe ya kujibanza, hata mnyama akimbiapo hurejea palepale alipotoka. Fundi husimama katikati, akamkazia macho, akamwelekezea mabega yote mawili, akarusha kamba nyepesi nyuma yake bila kumpiga, naye farasi, ambaye ni windo tangu kuumbwa kwake, hutimua mbio. Mtazamaji asiyejua huvutiwa na vumbi. Fundi anaangalia sikio. Baada ya mizunguko kadhaa sikio la upande wa ndani humgeukia mtu na kubaki hapo, duara la mbio hupungua, taya hutafuna pasipo chakula, kichwa huinama karibu na ardhi. Papo hapo, kwani akichelewa kidogo tu somo limeharibika, fundi huteremsha macho, akageuka upande na kumpa mnyama ubavu. Na farasi, akiisha kuondolewa kilichomfukuza, humjia nyuma taratibu mpaka pua ikagusa bega. Ndipo akunwe kipaji, apapaswe mgongoni ambako simba angemrukia, atandikwe na mshipi wa tumboni ukazwe kwa awamu, azungushwe na tandiko tupu. Na mpandaji wa kwanza humlalia mgongoni kwa tumbo kabla ya kuthubutu kuketi.

Roberts huyaita haya mazungumzo kwa lugha ya farasi. Mimi naona sababu iliyo nyepesi zaidi, nayo haimpunguzii ufundi: kukimbia kumegeuzwa kuwa kazi, na kumkaribia mtu kumegeuzwa kuwa mapumziko. Watafiti wa Sydney walipotumia kigari cha kuchezea, kinachoendeshwa kwa rimoti, kuwafukuza farasi na kukisimamisha kila walipokigeukia, farasi walijifunza kukielekea kigari kile, nacho hakina mabega wala macho.

Xenophon Myunani, aliyeandika juu ya farasi katika karne ya 4 kabla ya Masihi, alikwisha kuifahamu kanuni hii, maana alimtaka saisi apange njaa, kiu na kero zimpate mwanafarasi akiwa pekee, ilhali chakula, maji na nafuu vije kwa mkono wa mtu. Walakini kumfunza hasa hakumwachia mwenye mali. Alimshauri ampeleke kwa fundi, kama apelekavyo mwanawe kujifunza kazi, wakiisha kuandikiana ni mambo gani mnyama atakuwa ameyajua siku ya kurudishwa. Hati ya namna hiyo ningependa kuiona leo mikononi mwa kila ashangiliaye nusu saa ile, kwa kuwa farasi wa Windsor alitoka duarani akijua kumbeba mtu, bali kugeuka kwa wepesi wa hatamu, kusimama akiamriwa, na kupita kando ya lori linalonguruma, yote hayo yalikuwa bado.