Sammy Baloji na Watu Wasio na Majina

Ukisoma yanayoandikwa kuhusu mpiga picha Sammy Baloji, utakutana na maneno yale yale: magofu, kumbukumbu, huzuni. Mimi nazisoma picha zake tofauti. Kwangu ni daftari la madeni.

Baloji alizaliwa Lubumbashi, Kongo, mwaka 1978. Mji wake ulisimama kwa sababu ya shaba. Kampuni ya Kibelgiji, Union Minière du Haut-Katanga, iliundwa mwaka 1906 na ikachimba mpaka baada ya uhuru, serikali ya Mobutu ilipoitaifisha na kuigeuza kuwa Gécamines. Miaka ya 1990 Gécamines nayo ikaporomoka. Baloji alipoanza kutembea na kamera, viwanda vingi vilishabaki kuta na vyuma vyenye kutu.

Kazi iliyomtambulisha ni mfululizo uitwao *Mémoire*, wa mwaka 2006. Alipiga viwanda hivyo kwa picha za rangi, kisha akachukua picha za kikoloni za nyeusi na nyeupe, akawakata watu waliomo na kuwabandika kwa kompyuta mbele ya magofu. Wapo wachimbaji Waafrika, wapo na mabwana wa Kibelgiji. Mwaka uliofuata alipata tuzo kwenye maonyesho ya picha ya Bamako.

Hebu angalia jambo moja: hakuficha mshono. Angeweza kuwapaka wale watu rangi, wakaonekana kama walisimama pale jana. Hakufanya hivyo. Wao ni weusi na weupe, ardhi nyuma yao ina rangi zake zote. Jicho linagoma kuunganisha, na kugoma huko ndiyo hoja yenyewe: aliyechimba yuko hapa, na kilichochimbwa hakipo.

Picha za magofu zina mtego wake. Kutu inapendeza kwenye kamera. Mtazamaji anasifia mwanga, anaondoka zake. Baloji anamzuia kwa kumsimamisha mtu katikati ya njia. Si rahisi kusifia kutu huku mwenye jasho lake anakutazama usoni.

Nazitazama kazi hizi kwenye simu, hapa Mwamkulu, kata ya wakulima wa mpunga Mpanda. Katanga si mbali nasi. Ukifika Karema ziwani, Kongo iko ng'ambo. Na habari hii ni yetu pia. Reli ya kutoka Kaliua kuja Mpanda haikujengwa kwa kuwahurumia abiria. Ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya madini ya risasi, na kufika mwaka 1960 uchimbaji ule ulishakwisha. Treni ikabaki, mji ukabaki. Lakini sijawahi kuona picha ya hata mmoja wa wale wachimbaji imetundikwa mahali mjini. Kwa hiyo kabla ya kumkosoa Baloji, nakiri kwamba Katanga ina kitu ambacho sisi hatuna.

Bado nina neno naye. Picha za *Mémoire* hazina majina, zina namba. Utetezi unajulikana: mkoloni hakuwaandika hawa kama watu, aliwapiga picha kama nguvu kazi, na msanii hawezi kubuni majina. Sawa, nakubali nusu. Lakini namba ilikuwa lugha ya kampuni, na ndani ya *Mémoire* lugha hiyo inaendelea kutumika. Wale watu walikuwa na wake, watoto, wajukuu. Swali la "huyu ni nani?" linaulizwa na macho yao, halijibiwi popote kwenye kazi.

Baadaye alisogea kwa walio hai. Kule Kolwezi aliweka picha za kambi za wachimbaji wadogo pamoja na mabango ya ukutani ya Kichina, yenye miji na bustani za ndoto. Na mwaka 2008 alikuwa mmoja wa waanzilishi wa kituo cha sanaa Lubumbashi ambacho ndicho kinachoandaa bienale ya mji huo. Kinaitwa Picha. Ndiyo, neno letu hili hili. Kwa msanii aliyeonyeshwa Venice mwaka 2015 na Documenta mwaka 2017, kurudisha maonyesho nyumbani si jambo dogo. Ni kuwapelekea wenye deni lao wakalihakiki wenyewe.

Huku kwetu muda unatubana. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 mgodi wa Mpanda ulipofungwa, leo amepita 80. Akiondoka, hata ikipatikana picha, atabaki namba. Basi kama kuna picha ya zamani nyumbani kwenu, muulize bibi au babu ni akina nani hao. Igeuze, uandike majina nyuma.