Abiria wa Katikati

Stendi ya Kilosa ina mzaha ambao wenyeji wameshauzoea. Kondakta anaita, "Ulaya! Ulaya! Wa Ulaya wawili tu!" na mgeni anageuka kuangalia hiyo safari ya bei rahisi. Ulaya ni kata iliyopo njiani ukitoka Kilosa kwenda Mikumi. Mwenyeji hacheki. Anachouliza ni kama gunia lake la mahindi litapata nafasi.

Naanza na Ulaya hii kwa sababu Ulaya ile nyingine ina aina ya uandishi ambayo sisi hatujaipa heshima. Uingereza kuna watu wanaopenda mabasi kiasi cha kuweka daftari la namba zake na kukumbuka lini basi la rangi fulani liliacha kupita mtaa fulani. Wanaandika pia juu ya gazeti walilosoma asubuhi na kipindi walichotazama jioni, na hawaombi radhi kwamba mada ni ndogo. Kwetu wapenzi wa mabasi wapo, tena wengi. Wanaitofautisha Yutong na Zhongtong kwa taa za nyuma tu, na wanabishana usiku kucha juu ya Scania inavyopanda Kitonga. Wenye umri mkubwa kati yao bado wanasimulia Leyland, na Ikarusi za UDA zilizoitwa kumbakumba. Wanajua kwamba UDA na KAMATA walizaliwa mwaka 1974 baada ya kampuni ya DMT kugawanywa.

Maarifa hayo nayaheshimu, ila yanakomea kwenye bodi na injini. Ni nadra kusikia mtu akihakiki kile ambacho abiria anaonyeshwa akiwa amekaa ndani kwa saa kumi. Darasani tunahakiki riwaya ambayo imechapwa nakala elfu chache. Filamu inayooneshwa kwenye basi la Mbeya inatazamwa na watu hamsini au sitini kwa mpigo, kila siku, bila mmoja wao kuichagua. Kama hiyo si fasihi ya umma, sijui tutaita nini fasihi ya umma.

Tuanze na kioo kile kinachoning'inia juu ya kichwa cha dereva. Ratiba yake haijaandikwa popote, lakini msafiri wa kawaida anaijua. Alfajiri ni nyimbo za injili, kwa sababu safari inaanza na Mungu. Jua likishatoka unakuja muziki wa Bongo Fleva. Baada ya watu kuchimba dawa na kununua mahindi ya kuchemsha, kondakta anachomeka flashi nyingine na filamu inaanza. Abiria hana rimoti. Mhariri wa televisheni hii ni kijana mwenye tiketi mkononi, na kigezo chake cha uhariri ni kimoja: watu wasilalamike.

Kwa muda mrefu filamu hizo zilikuwa za Bongo Movie, za enzi ya Steven Kanumba, aliyefariki Aprili 2012, na vichekesho vya King Majuto, aliyefariki Agosti 2018. Ziliuzwa kwenye diski, na nyingi ziligawanywa sehemu ya kwanza na ya pili, maana sehemu mbili ni mauzo mawili. Mgawanyo huo wa kibiashara uliingia ndani ya fani yenyewe. Sehemu ya kwanza hukatika mke anapofungua mlango, na jibu la nani yuko nyuma ya mlango lipo kwenye diski nyingine. Sasa iweke filamu hiyo kwenye barabara ya Dar es Salaam hadi Mbeya. Anayesafiri kutoka mwisho hadi mwisho anapata mwanzo, katikati na hatima. Anayepandia Mikumi anakuta watu wameshagombana. Anayeshukia Mikumi anaacha watu hawajapatana.

Huyu ndiye ninayemwita abiria wa katikati, na sioni sababu ya kumwonea huruma upesi. Ana njia yake ya kutazama. Kwa kuwa hakuona chanzo, anauliza jirani, "Huyu ni nani?" na jirani anajibu, "Ndiye mdogo wake yule aliyemloga." Kwa dakika tano kiti cha wawili kinakuwa baraza la hadithi. Jirani hasimulii kilichotokea tu. Anahukumu, anapunguza, anaongeza. Ni kazi ileile iliyofanywa na watafsiri wa filamu za kigeni kwenye vibanda umiza, kina Lufufu, ambao sauti zao zilikuwa na mvuto kuliko waigizaji wenyewe. Filamu dhaifu ikisimuliwa na mama mwenye kipaji anayekwenda Makambako inakuwa filamu nzuri. Wahakiki wetu waliozibeza Bongo Movie kwa sauti mbovu na taa mbaya walizitazama peke yao, kwenye kompyuta. Hawakumkuta yule mama.

Hata hivyo mama huyo hawezi kuokoa kila kitu. Tazama ramani ya filamu hizi. Kuna nyumba yenye geti, gari linaloegeshwa, hoteli ya ufukweni, ofisi yenye kiti kinachozunguka. Hiyo ni Dar es Salaam. Kisha kuna kijijini. Kijijini ndiko anakotoka msichana wa kazi, ndiko anakoishi mganga, ndiko anakorudishwa mke aliyeachwa. Kijiji hakina jina wala msimu wa kupanda. Mtu wa Zombo au Ulaya anayekwenda Morogoro kumwona mgonjwa anakaa chini ya kioo kile na kujiona: yeye ni yule anayevua viatu mlangoni ili watu wacheke. Naye anacheka, maana basi zima linacheka.

Halafu basi linaingia hifadhini. Mikumi ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1964, na barabara kuu inaikata kwa takriban kilomita 50. Ni kipande cha barabara ambacho watalii hulipa fedha nyingi kukiona, na abiria anakiona kwa nauli yake ileile. Swala wanasimama ukingoni, twiga wanakula, na siku ya bahati tembo wanavuka huku dereva akisubiri. Hapo vichwa vinageuka. Kwa muda kioo cha dirishani kinakishinda kioo cha filamu. Lakini kuna mabasi ambayo pazia hufungwa mchana, kwa sababu jua likiingia filamu haionekani. Nimekaa kwenye kiti cha dirishani nikaombwa kwa upole nishushe pazia, tukiwa katikati ya Mikumi, ili watu waone vizuri sebule ya mtu wa kubuni. Niliyemshushia alikuwa na haki yake. Yeye hupita hapo kila wiki, na tembo kwake ni foleni. Ila ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa picha inayohitaji giza letu ili ionekane.

Hifadhi nayo ina maandishi yake, na yanastahili kusomwa. Kuna bango lenye orodha ya wanyama na faini ya kumgonga kila mmoja, kwa dola. Ni shairi la bei. Twiga ana thamani yake, nyani ana yake. Nia ni njema na matuta ya barabarani yanaisaidia, kwani wanyama wengi wamekufa hapo. Bado msomaji anayetoka vijiji vya jirani hulisoma bango hilo akijua kwamba tembo akishalila shamba lake la mahindi, hakuna bango la ukubwa ule linaloeleza shamba hilo ni kiasi gani.

Magazeti ya Dar es Salaam pia huja kwa barabara. Basi linapofika na furushi la Mwananchi, Nipashe, HabariLeo na Mwanaspoti, habari zake zimeshachakaa, kwa sababu tangu asubuhi watangazaji wa redio na runinga wameshasoma vichwa vya habari kimoja baada ya kingine. Usomaji huo wa magazeti hewani ni mojawapo ya sanaa zetu halisi za utangazaji. Msomaji hodari hupandisha sauti kwenye alama ya mshangao, hushusha kwenye msiba, na huweka kicheko kidogo kabla ya Simba na Yanga. Watu wengi wa Kilosa husema "nimesoma kwenye gazeti" wakimaanisha wamesikia. Sioni aibu ndani ya kauli hiyo. Aibu ipo kwenye kile kinachosikika: vichwa vya habari peke yake, kama filamu isiyo na sehemu ya pili.

Gazeti lenyewe lina maisha ya pili. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, karatasi imezidi kuwa rafiki wa muuza maandazi. Unafungua kitumbua unakuta nusu ya hotuba ya waziri ikiwa imelowa mafuta. Huyu naye ni msomaji wa katikati: hana ukurasa uliotangulia wala unaofuata.

Sasa tuulize gazeti linasema nini juu ya Kilosa. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko yaliizamisha wilaya na kuivunja reli ya kati, waandishi walikuja. Mkandarasi alipotoboa mahandaki ya reli ya kisasa, waandishi walikuja. Na wamekuja kila damu ilipomwagika. Desemba 2000, Rudewa Mbuyuni, waliuawa watu 38, wengi wao wanawake na watoto. Tangu wakati huo lugha ya habari imejenga fungu la maneno ambalo hufanya kazi ya pazia: "mapigano ya wakulima na wafugaji". Ukiliona kwenye kichwa cha habari unajua habari yote kabla hujaisoma, na kwa hiyo huisomi. Fungu hilo lina makundi mawili na halina mtu. Haliulizi nani aligawa ardhi, mashamba makubwa ya mkonge yaliyolala yalikuwa ya nani, mifugo iliondolewa wapi hadi ikafika bonde hili. Mwandishi anafika siku ya pili ya maafa na kuondoka siku ya nne. Naye ni abiria wa katikati, ila yeye ana kalamu, na katikati yake ndiyo inayobaki maktaba kuwa historia yetu.

Runinga niipite haraka, kwa kuwa kwenye jambo hili inafuata nyayo za gazeti. Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994 kupata vituo vyake, miaka mingi baada ya Zanzibar. Kilichobadilika tangu hapo ni wingi wa chaneli kuliko upana wa nchi inayooneshwa. Jambo moja la Morogoro linafaa kutajwa: jina la Abood lililoandikwa ubavuni mwa mabasi ndilo jina la redio na televisheni mjini. Kinachobeba watu na kinachobeba habari vimekaa chini ya jina moja. Sioni ubaya kwenye jambo hilo. Linatukumbusha tu kwamba barabara na mawimbi ya hewani daima vimekuwa biashara jirani.

Katika yote haya, maandishi gani yanatoka hapa hapa? Nimetafuta, na jibu langu ni mgongo wa gari. Vihiace, Noah na bodaboda za kati ya Kilosa na Mikumi zimeandikwa nyuma: methali kama "Hasidi hana sababu", majina ya watoto, Arsenal, aya za dini, vijembe kwa mtu ambaye hatumjui lakini yeye anajijua. Tusiyapambe. Mengi ni husuda iliyovaa nguo ya hekima, na mengine yanamtukana mwanamke fulani kwa mafumbo. Lakini kama fani yana sifa ambazo magazeti na filamu zimekosa. Mwenyewe anayalipia, anayatolea jasho, na anayesoma ni jirani anayeweza kumjibu kesho kwenye gari lake. Ni maandishi yenye anwani.

Mambo yanabadilika. Tangu 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, na anayevuka Mikumi saa nane za usiku amelala, pazia au bila pazia. Tangu katikati ya 2024 treni ya umeme inakwenda Dodoma kupitia Kilosa, inaingia handakini na kutoka kabla hujamaliza sentensi. Ndani ya treni na ndani ya basi kila mtu ana simu yake na vipokea sauti masikioni. Sasa abiria wa Mikumi anaweza kuanza filamu yake mwanzo na kuimaliza nyumbani. Ameshinda vita ya sehemu ya pili. Amempoteza yule mama wa Makambako.

Kwa hiyo hoja yangu haihusu kurudisha kioo cha pamoja. Kilikuwa na ubabe wake. Inahusu mahali hadithi inapoanzia. Simu imempa abiria wa katikati uwezo wa kuona mwisho wa hadithi za wengine, wakati hadithi yake bado inaanza siku maji yanapofika dirishani au mkuki unaporushwa. Filamu inayoanza Ulaya, hii ya Kilosa, siku ya kawaida ya palizi, na kumfikisha mtu Dar es Salaam akiwa na jina, ukoo na sababu za kusafiri, haihitaji kamera ghali. Ripoti ya gazeti inayoanza na mgawo wa shamba miaka ishirini kabla ya ugomvi haihitaji zaidi ya nauli ya kwenda na wiki mbili za kukaa. Sisi tunaosoma fasihi vyuo vikuu tunaweza kuanza na lililo rahisi kuliko yote: kuacha kuiita Mikumi njiani.