Hati ya Karani

Kuna vitabu ambavyo mtu husomeshwa, na kuna vitabu ambavyo mtu husoma. Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, kitabu cha marehemu Shaaban Robert, kwangu kilidumu muda mrefu katika kundi la kwanza. Nilipokuwa mwanafunzi kilinichosha, sifichi. Nilitaka visa, nikapewa nasaha. Miaka mingi baadaye, siku za matanga ya mama yangu, nilikifungua tena kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu na mkono, nikastaajabu kuona kwamba yule niliyemdhani mzee wa mawaidha alikuwa mtu mwenye jeraha.

Mwandishi huyu alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, tarehe 1 Januari 1909. Jina lake lenyewe ni hadithi: nusu ni mwezi wa nane wa Kiislamu, nusu ni jina la Kizungu. Alisoma Dar es Salaam, na tangu 1926 hata 1944 alikuwa karani wa forodha. Kisha akahamishiwa Mpwapwa, mbali na bahari, katika idara ya mifugo, na mwaka 1946 akarudi Tanga kuendelea na ukarani. Alifariki Juni 1962, na sehemu mbili za maisha yake zikatolewa pamoja katika kitabu kimoja mwaka 1966.

Jambo la kwanza linalomshangaza msomaji ni yale yaliyoachwa. Anayetafuta habari za utoto wa Shaaban, michezo yake, chuo chake, sauti ya mama yake, hapati ila kidogo sana. Wala haiwezekani kusema kwamba hakujua kazi hiyo. Katika Wasifu wa Siti Binti Saad alimfuata yule mwimbaji mashuhuri wa Unguja tangu kijijini Fumba, katika umaskini na biashara ya vyungu, hata akafika kwenye sifa zake. Mtu aliyeona thamani ya vyungu vya Siti aliona haya, yaonekana, kutuonyesha vyake. Kumbukumbu kwake si ghala la kufunguliwa lote. Ni kama forodha: mizigo hukaguliwa kwanza, na mingine hairuhusiwi kupita.

Uliopita, na ambao hakuweza kuuzuia, ni msiba wa mkewe, Amina. Katika shairi alilomwombolezea, Shaaban amsemesha marehemu kana kwamba yuko chumba cha pili. Amweleza kwamba alitaka ainuke, kwamba alimwombea dua, kwamba hakupenda maradhi yamshinde. Kisha, katika ubeti uo huo, akubali kwamba Mungu amemchagua. Nilipokuwa kijana niliyapita maneno hayo mbio, nikiyaona ya kawaida. Sasa nayaona kuwa mazito kuliko yote aliyoandika juu ya dini. Kwa maana hapa pana dua iliyoombwa na haikujibiwa kama mwombaji alivyotaka, na mwombaji halifichi jambo hilo wala haligeuzi kuwa kesi. Alitaja, akainamisha kichwa, akaendelea kuomba. Wako watakaosema kwamba huko ni kukosa ujasiri wa kuuliza. Mimi sisemi hivyo tena. Aliyewahi kukaa kitandani pa mgonjwa ajua kwamba kulitamka tu lile ombi lililokataliwa kwahitaji nguvu.

Na asubuhi yake, kazini. Kuna watoto wawili, binti na mvulana, na kuna mkate wa kutafutwa. Ndipo tunapokutana na tenzi mbili zilizomo katika kitabu: Utenzi wa Hati, aliomwandikia binti, na Utenzi wa Adili, aliomwandikia mvulana. Walimu wetu walitufundisha kuzitazama kama mafungu ya maadili, nasi tukayakariri: dini, usafi, heshima, kazi. Sikumbuki mmoja wao aliyetuuliza kwa nini utenzi wa kwanza uliitwa hati. Fikiri, msomaji. Mtu huyu siku nzima huandika hati za serikali, hati za mizigo ya watu wengine, karatasi ambazo bila sahihi na muhuri hakuna kitu kipitacho. Jioni huketi akamwandikia mwanawe hati ya kupitia duniani, kwa kuwa mama wa kumwongoza hayupo na baba hajui atakuwapo hata lini. Neno la ofisini limeletwa nyumbani. Tangu nilipoliona hilo, sikuweza tena kuusoma utenzi ule kama orodha ya amri.

Hata hivyo nina lawama, na sitaifunika kwa heshima ya marehemu. Shaaban awapenda watu wake, lakini mara nyingi atuonyesha sifa zao mahali pa nyuso zao. Twamjua Amina kwa uzuri wa tabia yake kuliko kwa namna alivyocheka au alivyokasirika. Katika kurasa nyingine mwandishi aanza kisa, na sisi twamfuata kwa hamu, mara ageuka akatupa hekima, na kisa kikabaki njiani kama abiria aliyeachwa na gari. Hekima yake aghalabu ni njema. Lakini maisha ya kila siku yana udogo wake, chumvi iliyozidi na ugomvi wa bure, na udogo huo ndio unaomfanya aliyekufa awe mtu mmoja na si mwingine. Nilipomzika mama, sikuililia subira yake, ingawa alikuwa nayo. Nililia nilipoona kanga yake kambani, haijakauka.

Nakala yangu ingali na ukurasa uliokunjwa pembe, pale penye mashairi ya Amina. Nilikuwa nimefika hapo nilipoitwa barazani kula na wageni. Sikukifungua tena hata baada ya arobaini.